Ubunifu katika rasilimali watu: uongozi huona programu, mfanyakazi huona msimamizi wake

Uliza uongozi wa kampuni umefanya ubunifu gani katika usimamizi wa rasilimali watu mwaka huu, na mara nyingi utatajiwa jina la programu. Tumenunua mfumo wa mishahara. Tumefunga kifaa cha alama za vidole mlangoni. Maombi ya kazi sasa yanapokelewa kwa intaneti. Yote hayo yanaweza kuwa na faida, ila hayajibu swali. Tangu mfumo huo uanze kutumika, ni uamuzi gani kuhusu wafanyakazi unaofanywa tofauti na zamani, unafanywa na nani, na mfanyakazi wa ngazi ya chini ameuona wapi? Sisi tunaozishauri kampuni kuhusu mambo haya tumejifunza kuling'ang'ania swali hilo tangu kikao cha kwanza. Likiachwa lipite, fedha zitatumika, mafunzo ya siku mbili yatafanyika, na mwaka ukiisha mambo yatakuwa yanaendeshwa vilevile, tofauti ikiwa tu kwamba karatasi zimehamia kwenye kompyuta.

Kipimo kipo tayari. Mwongozo wa Oslo, unaotolewa na OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo) na Eurostat (ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya) kwa ajili ya kupima ubunifu katika biashara, katika toleo lake la nne la mwaka 2018 unaueleza ubunifu kuwa ni bidhaa au mchakato mpya au ulioboreshwa, unaotofautiana kwa kiasi kikubwa na ule wa awali, na ambao tayari umetolewa kwa watumiaji au umeanza kutumika. Usimamizi wa rasilimali watu umetajwa humo waziwazi kama sehemu ya michakato ya biashara: mafunzo, uajiri, mpangilio wa kazi, malipo ya mishahara, huduma za afya kwa wafanyakazi. Yapo mambo mawili humo ambayo kampuni nyingi huyaruka. Kwanza, wazo lililopitishwa na bodi lakini halijaanza kutumika si ubunifu bado. Pili, si lazima jambo liwe jipya duniani. Likiwa jipya kwa kampuni yenyewe linatosha. Karakana yenye watu 12 ambayo imeacha kuajiri kwa maneno ya jirani na kuanza kumpima kila mwombaji kwa kazi ileile ya majaribio imefanya ubunifu kamili. Shirika lenye watu 4,000 lililonunua programu ya usaili na kuendelea kuajiri ndugu wa mameneja halijafanya lolote.

Kosa linalofanana na hilo ni kuiga sehemu inayoonekana kwa nje. Mfano mzuri una zaidi ya miaka 100. Mwaka 1913 kiwanda cha Ford kule Marekani kilikuwa kinakimbiwa na wafanyakazi: kiwango cha kuacha kazi kilifika asilimia 370, na ili kuwa na wafanyakazi wapatao 14,000, kampuni ililazimika kuajiri zaidi ya 52,000 ndani ya mwaka mmoja. Januari 1914 Henry Ford akatangaza dola 5 kwa siku ya kazi ya saa 8, karibu mara mbili ya malipo ya awali, na wimbi la kuacha kazi likatulia. Kila mtu anaikumbuka dola 5. Wachache wanakumbuka kwamba miezi michache kabla ya hapo, chini ya John R. Lee, aliyesimamia masuala ya wafanyakazi, kampuni ilikuwa imekwisha kupanga upya viwango vya mishahara vilivyokuwa havieleweki, na kuwaondolea wasimamizi wa kiwandani mamlaka ya kumfukuza mtu papo kwa papo. Wachache zaidi wanakumbuka kwamba sehemu ya dola 5 ilikuwa mgawo wa faida wenye masharti, na kwamba kampuni iliunda idara ya kwenda majumbani kuchunguza wafanyakazi wanavyoishi, jambo ambalo leo lingestahili kulaaniwa. Anayesoma habari hii na kuondoka na somo la "ongeza mshahara" amechukua kipande kimoja tu.

Jambo hilohilo lilijirudia Agosti 2019, Microsoft nchini Japani ilipowapa wafanyakazi mapumziko kila Ijumaa ya mwezi ule na kutangaza kwamba mauzo kwa kila mfanyakazi yamepanda kwa takriban asilimia 40 yakilinganishwa na Agosti ya mwaka uliotangulia. Habari ikazunguka dunia nzima kama habari ya Ijumaa. Lakini kampuni ilikuwa pia imeweka kikomo cha dakika 30 kwa vikao na kuhimiza watu wachache zaidi wahudhurie. Ukiipeleka Ijumaa peke yake mahali ambapo vikao ni vya saa mbili, umebana kazi ya siku tano kwenye siku nne, na watu watachoka mara mbili. Tena ulikuwa mwezi mmoja tu. Jaribio la Uingereza la wiki ya kazi ya siku nne la mwaka 2022, lililohusisha kampuni 61 kwa miezi sita, lina uzito zaidi: 56 ziliamua kuendelea. Hata hapo, kabla ya kuanza, kampuni zilipewa kama miezi miwili ya maandalizi ya kupanga upya kazi. Kazi ilifanyika ndani ya miezi ile miwili.

Anza na fomu ya likizo

Kampuni inayotaka kujifunza ubunifu huu bila hasara kubwa, tunaishauri ianze na mchakato mdogo unaomgusa kila mtu. Ombi la likizo ni mahali pazuri. Chukua maombi 20 ya karibuni na ufuatilie kila moja kwa tarehe: lilijazwa lini, nani alisaini lini, jibu lilimfikia mwombaji lini. Kisha tenganisha muda wa kazi na muda wa kusubiri. Utakuta kazi yenyewe, yaani kujaza, kukagua siku zilizobaki na kusaini, haizidi dakika 15, ilhali safari nzima imechukua siku nyingi kwa sababu karatasi imelala juu ya meza za watu.

Hatua inayofuata ni kuuliza kila saini inalinda nini. Msimamizi wa karibu anasaini kwa sababu anajua zamu zitajazwaje. Hiyo ina maana. Idara ya rasilimali watu inathibitisha siku zilizobaki. Hiyo nayo inaeleweka, ingawa mfumo unaweza kuifanya peke yake. Meneja wa tawi anasaini kwa nini? Jibu likiwa "ni utaratibu", muulize amewahi kukataa maombi mangapi ambayo msimamizi alikuwa ameyakubali. Kama hakuna, saini hiyo ni foleni tu. Ikiondolewa, weka mpaka ulioandikwa: msimamizi anaidhinisha likizo ya hadi siku 10 mwenyewe, zaidi ya hapo ndipo ipande juu. Weka pia kwamba ombi lisilojibiwa ndani ya siku 3 za kazi linahamia lenyewe kwa mtu wa juu yake. Sharti hili dogo ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa sababu linaondoa faida ya kukaa kimya.

Baada ya hapo tu ndipo ununue au utengeneze programu. Ukigeuza mpangilio huu, ukaanza na programu, fundi wa mfumo atakuuliza hatua zenu ni zipi, nawe utampa zile za zamani, naye ataziweka zote. Kuzibadilisha baadaye kunalipiwa.

Kuna mtego mwingine wa kuhamisha kumbukumbu. Siku za likizo zilizobaki huwa zimeandikwa kwenye daftari moja, majedwali ya Excel mawili na kichwani mwa karani. Mfanyakazi mmoja ana majina yaliyoandikwa kwa namna mbili. Tarehe ya kuanza kazi kwenye mkataba haifanani na ile ya kwenye mishahara. Safisha kabla ya kuhamisha. Mpe kila mfanyakazi karatasi yenye taarifa zake aithibitishe kwa saini, na mpe muda wa wiki mbili za kupinga. Kwa mfumo wa mishahara, endesha wa zamani na mpya sambamba kwa miezi miwili au mitatu, na linganisha mstari kwa mstari: mshahara ghafi, kila makato, kiasi kinachoingia benki. Tofauti yoyote, hata ndogo kiasi gani, itafutiwe sababu, kwa kuwa mara nyingi tofauti ndogo inayojirudia kwa watu 200 ni kosa moja la kanuni ya kukokotoa. Mfanyakazi akikatwa kimakosa mwezi wa kwanza wa mfumo mpya, imani yake haitarudi kwa barua ya kuomba radhi.

Usaili ndipo penye faida kubwa kwa gharama ndogo

Tukiulizwa ni badiliko gani moja linalolipa kuliko mengine, tutajibu usaili wenye mpangilio. Halihitaji programu yoyote. Linahitaji karatasi, nidhamu, na meneja aliye tayari kuacha kuamini macho yake ya dakika tano za kwanza. Uchambuzi wa mtafiti Sackett na wenzake wa mwaka 2022, uliokusanya matokeo ya tafiti za miongo mingi, uliuweka usaili wenye mpangilio juu ya njia nyingine zote za kutabiri utendaji kazini, ukiwa na uhusiano wa 0.42 (0 ni kutotabiri lolote, 1 ni kutabiri bila kukosea). Usaili wa maongezi ya kawaida ulipata 0.19. Miaka ya uzoefu, ambayo karibu kila tangazo la kazi huitaja kama sharti la kwanza, ilipata 0.07. Tunarudia namba hizo kila tunapoona tangazo linalodai "uzoefu usiopungua miaka 5" kwa kazi inayoweza kufundishwa kwa miezi mitatu.

Mpangilio maana yake ni hivi. Kaa na watu wawili watatu wanaoifanya kazi hiyo vizuri na mtoe mambo manne hadi sita yanayoitofautisha kazi iliyofanywa vizuri na iliyolipuliwa. Kwa kila jambo tunga swali moja au mawili. Waombaji wote wanaulizwa maswali yaleyale kwa mpangilio uleule. Kabla ya usaili, andikeni jibu dhaifu linafananaje, la wastani, na zuri.

Tuchukue kazi ya mtunza stoo. Swali: "Umepokea mzigo, hati inasema katoni 40, wewe umehesabu 38, na dereva ana haraka ya kuondoka. Utafanya nini?" Alama 1 inakwenda kwa anayesema atasaini kisha amwambie bosi baadaye, au atamwamini dereva. Alama 3 kwa anayekataa kusaini au anayempigia simu meneja aelekezwe; hajakosea, lakini ameisimamisha kazi. Alama 5 kwa anayesema atahesabu tena mbele ya dereva, ataandika upungufu wa katoni 2 kwenye nakala zote za hati, dereva asaini hapo penye upungufu, kisha atajulisha ofisi siku ileile na kutenga mzigo huo hadi suala limalizike. Alama 2 na 4 ni za walio katikati. Ukiwa na kipimo hiki, mwombaji mwenye Kiingereza kizuri na shati lililonyooshwa hapati alama ya ziada kwa sababu ya shati.

Kanuni inayovunjwa zaidi ni ya mwisho: kila mjumbe wa jopo aandike alama zake peke yake kabla ya mtu yeyote kusema neno. Mwenyekiti akianza kwa kusema "huyu kijana amenifurahisha", usaili umekwisha. Wengine watapandisha alama zao, hasa wakiwa chini yake kicheo. Kusanya karatasi kwanza, soma alama kwa sauti, kisha jadilini yale tu ambayo wajumbe wametofautiana kwa alama 2 au zaidi. Na kila mmoja aeleze alisikia nini, si alijisikiaje.

Mahali pa kuharibikia ni pawili. Maswali huvuja baada ya usaili wa awamu ya kwanza. Kwa hiyo tunga matoleo mawili au matatu ya swali moja na uyazungushe. Pia mameneja huchoka ifikapo mwombaji wa saba na kuanza kufupisha. Panga wasiozidi watano au sita kwa siku, na uache dakika 10 za kuandika kati ya mmoja na mwingine.

Kampuni nyingi zinapenda kuruka hatua hizi na kwenda moja kwa moja kwenye programu inayochuja wasifu wa waombaji. Lililoipata Amazon linafaa kukumbukwa. Kuanzia mwaka 2014 kampuni hiyo ilitengeneza mfumo wa kuwapa waombaji alama, ukajifunza kutoka kwa wasifu uliopokelewa kwa miaka 10, ambao mwingi ulikuwa wa wanaume. Mfumo ukajifundisha kushusha alama za wasifu wenye neno linaloashiria wanawake. Kampuni iliachana nao, na habari zikachapishwa na Reuters mwezi Oktoba 2018. Mashine ilifanya kile ilichofundishwa na kumbukumbu za watu. Ndiyo maana huwa tunasisitiza: ukitaka mfumo ukusaidie kuchuja, kwanza pima mchujo wako wa sasa.

Hesabu yake ni rahisi. Miongozo ya Marekani ya mwaka 1978 kuhusu uteuzi wa wafanyakazi ina kanuni ya nne kwa tano inayotumika kama kengele ya tahadhari: kiwango cha kundi moja kupita kikiwa chini ya nne ya tano (0.8) ya kile cha kundi linalopita zaidi, chunguza. Tuseme wanaume 100 waliomba na 60 wakapita mchujo, asilimia 60. Wanawake 50 waliomba na 20 wakapita, asilimia 40. Gawanya 40 kwa 60 unapata 0.67. Iko chini ya 0.8, kwa hiyo kuna jambo la kuchunguzwa. Haithibitishi ubaguzi, inakuambia ufungue majalada na uangalie ni kigezo gani kilichowaangusha, na kama kigezo hicho kina uhusiano wowote na kazi. Fanya hesabu hii kwa kila hatua, kuanzia mchujo, mtihani, usaili hadi uteuzi, maana tatizo huwa limejificha kwenye hatua moja.

Kufuta tathmini ya mwaka si mwisho wa kazi

Kampuni ya Marekani ya General Electric wakati wa uongozi wa Jack Welch iliwagawa wafanyakazi kuwa asilimia 20 ya juu, 70 ya kati na 10 ya chini, na wale 10 walikuwa wa kuondolewa. Kampuni nyingi ziliiga. Kampuni ya programu za kompyuta ya Adobe ilifuta tathmini ya mwaka mwaka 2012 na kuweka mazungumzo ya mara kwa mara mahali pake. Microsoft ikaacha kuwapanga watu kwa madaraja mwishoni mwa 2013. Wengi nao wakaiga kufuta. Kufuta fomu ni kazi ya barua moja. Kumfanya msimamizi azungumze na mtu wake kila mwezi, kwa haki na bila kuzungukazunguka, ni kazi ya mwaka mzima.

Kinachotokea fomu ikifutwa bila kitu kingine kuchukua nafasi yake kinajulikana: nyongeza za mishahara bado zinapaswa kugawanywa, na sasa zinagawanywa kwa kumbukumbu ya meneja. Mfanyakazi anayekaa karibu na ofisi yake anakumbukwa. Wa zamu ya usiku hakumbukwi. Tunaona hili kuwa baya kuliko fomu mbovu ya zamani, kwa sababu fomu mbovu angalau iliweza kukatiwa rufaa.

Kama mnaiacha tathmini ya mwaka, badala yake iwe hivi. Mazungumzo ya dakika 30 kila mwezi, kwa ratiba inayojulikana, na msimamizi asiwe na watu zaidi ya 8 hadi 10 wa kuzungumza nao. Akiwa na 25 hataweza, na lawama haitakuwa yake. Maswali ni matatu: nini kimekwenda vizuri tangu tulipoonana, nini kimekukwamisha, na nifanye nini mimi ili kisikukwamishe tena. Msimamizi anaandika mistari mitatu au minne, mfanyakazi anaisoma na kuongeza lake. Swali la tatu ndilo lenye kuonyesha kama utaratibu una uhai. Likijibiwa "hakuna" miezi mitatu mfululizo, aidha mfanyakazi anaogopa, au aliwahi kuomba jambo na halikutendwa. Mazungumzo ya mshahara yatengwe, yafanyike mara moja au mbili kwa mwaka, yakitumia ile mistari iliyoandikwa. Ukiyachanganya, hakuna atakayekiri kwamba amekwama, kwa sababu kukiri kunamgharimu.

Na wasimamizi wenyewe wafundishwe kwa kufanya, wakiwa wawili wawili, mmoja akiigiza mfanyakazi aliyechelewa mara nne au aliyenyimwa cheo. Mhadhara hausaidii hapa. Jambo linalowashinda wengi ni kunyamaza baada ya kuuliza; msimamizi anauliza, sekunde tatu zinapita, anajijibu mwenyewe.

Sanduku la maoni linakufa kwa sababu hiyohiyo ya kukosa jibu, na halihitaji maelezo marefu. Toyota ilianzisha utaratibu wake wa mapendekezo ya wafanyakazi mwaka 1951 na bado inao. Nguvu ya utaratibu wa namna hii iko kwenye jibu: kila pendekezo lijibiwe ndani ya muda uliotangazwa, tuseme siku 14, na lililokataliwa lielezwe kwa nini, kwa jina la aliyelikataa. Mpe msimamizi fungu dogo la fedha la kutekeleza mapendekezo madogo bila kuomba kibali juu. Pendekezo la kuhamisha meza mita tatu lisipande hadi makao makuu.

Kupima bila kujidanganya

Kiwango cha kuacha kazi ndicho kipimo kinachotajwa zaidi, na ndicho kinachosomwa vibaya zaidi. Gawanya walioondoka katika kipindi kwa wastani wa idadi ya wafanyakazi, zidisha kwa 100. Kampuni yenye wastani wa watu 150 waliotoka 12 ina asilimia 8. Namba hiyo ikiwa peke yake haikuambii kitu. Tenganisha walioacha wenyewe na walioachishwa, kisha panga walioacha wenyewe kwa muda waliokaa. Kama wote 12 waliacha wenyewe na 9 kati yao waliondoka ndani ya siku 90 za kwanza, tatizo linaanzia kwenye tangazo la kazi, usaili au mafunzo elekezi: waliahidiwa kazi moja wakakuta nyingine. Kama 9 hao walikuwa na miaka mitatu na kuendelea, angalia mishahara, vyeo na wasimamizi. Dawa ya moja haitibu nyingine. Na usilinganishe idara ndogo kwa asilimia. Kwenye idara ya watu 8, mmoja akiolewa mji mwingine na kuhama, tayari ni asilimia 12.5.

Jambo jipya lianze sehemu moja, kwa miezi mitatu hadi sita, huku sehemu nyingine inayofanana nayo ikiendelea kama kawaida kwa kulinganisha. Kabla ya kuanza, andikeni kwenye ukurasa mmoja: tunabadilisha nini, kipimo ni kipi na kikoje leo, kikifika wapi tutaeneza, kikifika wapi tutaacha. Sehemu ya kuacha ndiyo huachwa wazi kila mara. Isipoandikwa, mradi haufi hata ukishindwa, kwa kuwa kuna mtu mkubwa aliyeutangaza.

Kuna sababu ya kudai kipindi kirefu. Watu wakijua wanatazamwa na kujaliwa, hubadilika kwa muda. Majaribio yaliyofanyika kati ya 1924 na 1932 katika kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago ndiyo yaliyolipa jambo hilo jina, ingawa wachambuzi waliorudia takwimu zake baadaye walikuta athari ndogo kuliko ilivyosimuliwa kwa miaka mingi. Tahadhari yenyewe inabaki: ongezeko la mwezi wa kwanza lisihesabiwe. Tazama mwezi wa nne na wa tano, wakati viongozi wameacha kutembelea na vitafunwa vya uzinduzi vimesahaulika.

Kinachobaki ni kufuta cha zamani. Utaratibu mpya ukithibitika, fomu ya zamani iondolewe siku hiyohiyo kwa waraka, nakala zilizobaki zikusanywe, na jina la anayesimamia utaratibu mpya liandikwe kwa cheo, si kwa mtu binafsi, ili akihama kazi ihamie kwa anayekalia kiti. Mara nyingi tunakuta ofisi ina fomu mbili za jambo moja, mpya kwa ajili ya ripoti na ya zamani kwa ajili ya kazi. Anayetaka kujua ipi inatumika kweli, amuulize karani wa mishahara anatazama ipi tarehe 20 ya mwezi.